Ajenda ya Nne

…na bado ni tangi, robo saa nzima ni tangi, Daktari Barre ameshika karatasi yake ya ajenda kwa mikono miwili na hajatoka kwenye ile ya kwanza, tangi la maji juu ya paa linavuja tangu Ijumaa, fundi aliitwa, fundi hakuja, fundi akaitwa tena, na Teresiah ameketi benchi ya pili chini ya saa ya ukutani, miguu pamoja, kijitabu mapajani, kichwa kikiitikia pale kinapopaswa kuitikia, maana ukishafanya kazi na mtu miaka sita unajua anapenda kuitikiwa wapi, na huyu hupenda kwenye neno wajibu, wajibu wa kila mmoja wetu, anasema Daktari, na kichwa cha Teresiah kinaitikia. Ajenda ni tano. Anazijua kwa sababu yeye ndiye aliyezichapisha saa moja asubuhi kwenye kompyuta ya rekodi, Daktari kasimama nyuma ya kiti akizitamka moja moja, tangi, glavu, wageni wa kaunti, na ya nne akaitamka kwa sauti ya chini, andika tu "faili zilizounganishwa kimakosa", usiweke jina, jina nitalitaja mwenyewe, na ya tano akamwambia aache nafasi tupu, kisha akatabasamu, na Teresiah si mtoto, anajua nafasi ile ni ya nani, msimamizi mpya wa kituo, barua iko ndani ya bahasha ya kaki mezani kwa Daktari, imebaki sahihi na muhuri tu… ya nne ni ya Lela wa rekodi na ya tano ni ya Teresiah, zimefuatana hivyo kwenye karatasi, na vidole vyake ndivyo vilivyozipiga.

Asitazame benchi ya mbele. Atazame dirisha, dirisha halina neno, mkutano wa Jumatatu hufanyika hapa hapa wagonjwa wanapongojea, kabla geti halijafunguliwa, na wafanyakazi hukalia mabenchi ya wagonjwa wakilielekea dirisha la rekodi, na Teresiah hupenda jambo hilo ingawa hajawahi kumwambia mtu, kuketi upande huu na kulitazama dirisha lake, kioo kinachong'aa, kibao cha namba, mshale mwekundu wa wajawazito na wazee, mshale aliouchora yeye… wakati anaingia hapa akiwa na miaka kumi na tisa lilikuwa tundu lenye vyuma, mama anaamka alfajiri Makongeni na mtoto mgongoni na saa tano bado yuko kwenye foleni ya kadi, kadi tu, hajamwona hata muuguzi, na nyuma ya tundu kuna rafu za mbao na kadi zimefungwa kwa mafungu, na panya, Mungu wangu, mwaka ule panya walikula herufi K yote, na katika mitaa hii mtu akila herufi K amekula nusu ya watu, akina Kamau, akina Kinyanjui, akina Kariuki wote wakawa vumbi, na ni nani aliyeirudisha herufi K? Ni yeye. Miezi kumi na moja. Kila aliyefika dirishani na jina la K alimkalisha pembeni akamuuliza polepole, uliugua nini, lini, nani alikutibu, walikukataza dawa gani, akaandika upya kwa mwandiko uliosimama wima, hata wale waliokuja kuchanjiwa mtoto tu aliwauliza, wakamwona mbeya, msichana wa Kaloleni anayetaka kujua habari za watu, na leo ukifungua mfumo ukaandika K utaona wote wamo, wamekaa kwa mpangilio, na mtu haongoji zaidi ya dakika arobaini. Babake hakuwahi kuielewa kazi hii. Alikuwa mtu wa reli, mtu wa nyundo, aliwahi kumuuliza pale mlangoni kwao Kaloleni, sasa wewe huko hospitali unamtibu nani, na Teresiah akaingia ndani kupika, mpaka siku kifua kilipombana mzee mwenyewe wakamleta hapa, na kabla hajamaliza kutaja jina lake faili ilikuwa mkononi kwa muuguzi na dawa yake ya presha ikajulikana, na baadaye, amekwisha kupata nafuu, amekaa kwenye benchi hii hii, Teresiah alimsikia akimwambia mtu asiyemjua hata kidogo, unaona huyo wa dirishani, huyo ni wangu. Huyo ni wangu. Angempa barua ya kaki aishike, mzee angekuwa hai angempa aishike kwa vile vidole vyake vigumu.

Lita elfu tano, anasema Daktari, lita elfu tano zinamwagika juu ya vichwa vyetu na hakuna aliyeona, na huko nyuma mtu anakohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko, na juu ya paa kweli maji yanadondoka, tone, kimya, tone, na jicho la Teresiah linatoroka, haya, limekwisha kutoroka, limefika benchi ya mbele, mwisho kabisa, karibu na mlango wa chumba cha ndoo na mafagio ambako Lela hukaa kila mkutano hata sasa ambapo hana haja ya kukaa huko. Mtandio wa kijani. Mgongo umenyooka. Lela Abdurahim wa Majengo, mwanamke wa miaka arobaini na moja, tisa kati ya hiyo akipiga deki korido hii, na mtu asije akasema Teresiah ndiye aliyemtoa kwenye ndoo, hapana, Lela alijitoa, Teresiah alifungua mlango tu… lakini aliufungua, hilo nalo lisemwe, aliufungua. Ilikuwa mchana mmoja wa mvua, faili ya mzee fulani haionekani, makarani watatu wanapekua rafu, na mwanamke wa deki akapita na ndoo akasema bila kusimama, huyo mzee jana alihamishiwa chumba cha kifua, mtazame rafu ya chini upande wa ukuta, na ikawa pale. Wewe umejuaje? Naona nikipiga deki, dada, majina yanakaa tu kichwani. Alimaliza kidato cha nne, aliolewa, aliachika, akaja kuosha sakafu, na majina elfu kadhaa yamekaa kichwani hayana kazi. Basi kila saa saba mchana Lela akawa anaacha viatu vya mpira mlangoni anaingia rekodi, wanakaa katikati ya maboksi, Teresiah anamwonyesha jinsi ya kusoma mwandiko wa daktari, jinsi ya kumuuliza mtu umri bila kumwaibisha, jinsi ya kufungua faili ya mtoto ambaye hajapewa jina, halafu miaka miwili ya chuo cha jioni, Jumanne na Alhamisi Teresiah akimshikia zamu, na wenzake wakisema Madam ana kipenzi chake, na waseme, siku ya vyeti kwenye ukumbi wa Kaloleni, ukumbi ule ule alimoolewa mama yake mdogo, Teresiah alikaa safu ya kwanza pamoja na mamake Lela, bibi wa watu kajitanda leso mpya, na lilipoitwa jina Lela Abdurahim, Teresiah alipiga vigelegele vya kwao na mama akapiga vya kwao, na watu wakageuka kuwatazama, na hakujali. Hakuna siku aliyojivunia kama ile, hata siku ya cheti chake mwenyewe. Na mkataba wa Lela ni wa miezi sita, wa majaribio, unaisha tarehe thelathini, na mtu aliyeandikiwa kosa la faili hapewi mwingine, atarudi kwenye ndoo kama ndoo bado itamtaka.

Hakuna aliyekufa. Hilo ndilo Teresiah amelirudia tangu Ijumaa, akipanda ngazi, akiosha vyombo, kanisani jana wakati wenzake wakisimama kuimba, hakuna aliyekufa, hata kuumwa hakuna aliyeumwa, Ijumaa saa nne mama mzee ameingia na mjukuu wa miaka saba, mafindofindo yamevimba, homa, jina Nyawira Wahome, Sista Kui akaifungua faili kwenye mfumo, ukurasa wa mbele safi, hakuna alama nyekundu ya mzio, akavuta penisilini kwenye sindano, na mama mzee akauliza tu, kama wazee wanavyouliza, hiyo ni dawa gani, na Kui akamwambia, na mama mzee akamvuta mtoto nyuma.

"Huyu hapana," alisema. "Huyu ndiye wa kuvimba. Yule mwingine ndiye mnadunga hiyo."

Yule mwingine yupi, shosho? Na shosho akamshangaa Sista Kui, kwani hamjui wako wawili? Vijana wangu wote wawili wamenizaa. Maana kwao, na ni kwao Teresiah pia, msichana wa kwanza hupewa jina la mamake baba, na kumpa mtoto jina la mama yako ni kumzaa mama yako, kwa hiyo vijana wawili wa Wahome wakamzaa mama yao mara mbili, wakapata Nyawira wawili, wakiishi ploti moja, wakilelewa na shosho mmoja mwenye simu moja, na namba ya simu hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye faili zote mbili, na Alhamisi faili hizo mbili zikaunganishwa zikawa moja, na alama nyekundu ya yule wa kuvimba ikazama ndani, ukurasa wa nane, ambako hakuna mtu hufika akiwa na mtoto analia mbele yake. Kui aliiweka ile sindano chini, akaenda akakaa chooni dakika kumi. Daktari Barre akaingia rekodi, akauliza nani ameunganisha, na Lela akasimama.

"Ni mimi, Daktari."

Akasubiri. Daktari akasubiri vilevile. Nikuulize tena, peke yako? Na Lela akasema, mkono wangu ndio uliobonyeza, na Teresiah alikuwa pale, hatua tatu, amesimama kando ya printa, ameshika karatasi za mahojiano ya kazi mpya zikiwa na joto bado, na mdomo wake, mdomo ambao umeita majina kwenye dirisha lile miaka ishirini na miwili mpaka mtu wa mwisho kwenye foleni akasikia, ukanyamaza.

Kwa sababu iko karatasi. Anaiona hata kutoka hapa alipoketi, kupitia kioo, imebandikwa juu ya kompyuta ya Lela, imeanza kuwa ya manjano pembeni, kanuni ya kuunganisha faili, na mwandiko umesimama wima. Aliiandika miaka minne iliyopita na aliiandika kwa fahari, watu wa mitaa hii bwana, leo mtoto anakuja ni Faith, mwezi ujao ni Precious, mama amebadili kanisa mtoto naye amebadilika jina, mtu mmoja ana faili nne, basi Teresiah akakata shauri, jina la kanisani weka kando, tazama jina la nyumbani, jina la ukoo, mtaa, na namba ya simu, vinne hivi vikifanana huyo ni mtu mmoja, unganisha. Faili elfu tatu za ziada zikatoweka mwaka wa kwanza. Wa kaunti walikuja kuipiga picha karatasi ile. Na hakuwaza, yeye, yeye ambaye nyumbani ni Wacera, ambaye Krismasi kwa cucu, nyanya yake, ikiitwa Wacera walikuwa wakikimbia wasichana wanne, Wacera wa Kinyanjui, Wacera wa Wachira, Wacera mrefu na Wacera mdogo, mdogo akiwa yeye, aliwezaje kusahau? Kazini ni Teresiah, labda ndiyo sababu, miaka ishirini na miwili ya kuwa Teresiah, jina la kanisani, lile lile ambalo kanuni yake inaliweka kando, ukimpitisha kwenye karatasi yake mwenyewe yeye na binamu zake ni mtu mmoja mwenye miguu minane, ana kisukari, amepasuliwa mara mbili na ni mjamzito… angecheka kama si mkutano. Na Lela angejuaje? Kwao Majengo mtu ni jina lake, la babake, la babu yake, yanafuatana kama treni, binamu hawezi kuwa wewe. Lela alifuata karatasi. Lakini kanuni si kosa, Teresiah, kanuni ilifanya kazi miaka minne, kanuni ni ya kituo, Daktari aliipitisha, kaunti iliipiga picha, na wewe ukishapata ile barua utakuwa na uwezo, ndilo alilojiambia kanisani jana wakati wa sadaka, ukiwa msimamizi unaweza kumrudisha Lela, baada ya miezi mitatu, minne, kimyakimya, unamtafutia nafasi, sasa ukiharibu mambo nyote wawili mko nje, nani atamsaidia nani? Na lilikuwa wazo zuri. Limempa usingizi. Limemwamsha saa kumi na moja akakanda unga.

Chapati kumi. Laini, za kukunjwa, alizifunga kwa kitambaa cheupe ndani ya bakuli lenye kifuniko akaziweka kwenye meza ya Lela kabla ya mkutano, na Lela akafunua kidogo, mvuke ukamgonga uso, akasema asante, dada, Mungu akuzidishie, na hakuuliza kwa nini, Jumatatu, chapati kumi, hakuuliza, alifunika tena polepole na kuzisogeza pembeni, mbali na faili, vile alivyofundishwa, chakula mbali na faili… na ni macho gani yale aliyomtazama nayo, hayakuwa na lawama, yalikuwa macho ya mtu anayekujua, na Teresiah aliyaona wapi macho yale, aliwahi kuyaona, hapana, aliwahi kuwa nayo. Maembe. Wajibu, anasema Daktari Barre, na kwa mara ya kwanza kichwa cha Teresiah hakiitikii. Maembe ya Mzee Maingi. Mzee Maingi mkuu wa rekodi, aliyemfundisha kushika kalamu ya kazi, mtu wa Machakos, mtu wa sala, na mwaka wa pili wa Teresiah hapa mzee alibadilisha mpangilio wa kadi za wajawazito akasahau kumwambia, na kadi zikapotea siku tatu, na matroni wa wakati ule alimsimamisha Teresiah kwenye mkutano, kwenye benchi hizi hizi, akamwita msichana wa Kaloleni asiyejua hata kuhesabu, mbele ya watu wote, na Teresiah akageuka kumtazama Mzee Maingi, na Mzee Maingi alikuwa anatazama viatu vyake. Kesho yake asubuhi mezani kwake kuna maembe, yamefungwa kwa gazeti. Kesho kutwa maembe. Wiki nzima maembe matamu ya Machakos, na hakuna neno lililosemwa, na Teresiah aliyala. Miaka yote hii akisimulia habari za mzee yule husema, alikuwa mtu mwema, alikuwa ananiletea maembe. Alikuwa akijinunulia kimya kwa maembe, mzee yule, na yeye alikula kila moja mpaka kokwa, na leo saa kumi na moja alfajiri, akiimba, alikuwa anaimba jamani, amekanda unga.

Tone, juu ya paa. Na kwa kuwa mlango mmoja umekwisha kufunguka basi mwingine nao unafunguka, ule aliokuwa ameuegemea kwa mgongo siku nne, Alhamisi, si Ijumaa, Alhamisi alasiri, yuko mezani anapanga vyeti vyake kwa ajili ya mahojiano, cha kwanza, cha pili, barua ya pongezi ya kaunti, kivuli kimesimama pembeni, mtandio wa kijani, mkononi karatasi mbili.

"Dada, hawa wawili kila kitu sawa, ila tarehe ya kuzaliwa. Mmoja ana saba, mwingine nane. Nina wasiwasi nao."

Na yeye akasema nini? Akasema watu hukosea tarehe, Lela, fuata karatasi. Aliyasema hayo huku anatafuta pini. Hakuinua kichwa. Kama angeinua kichwa angeona Nyawira na Nyawira, Wahome na Wahome, na yule Wacera mdogo ndani yake angeruka, angesema ngoja, hao ni watoto wa ndugu, kwetu ndivyo tunavyoita, tenganisha, mpigie shosho simu. Sekunde mbili. Lela aliona. Mwanamke aliyepiga deki korido hii miaka tisa aliona kitu ambacho karatasi iliyopigwa picha na kaunti haikukiona, akakileta kwa mtu sahihi, kwa mkubwa wake, kama alivyofundishwa, ukiwa na wasiwasi usibonyeze, njoo uniulize, nani alimfundisha hivyo? Na Ijumaa alipoulizwa, peke yako, alikuwa na jibu mkononi, angesema tu, nilimuuliza Madam, maneno mawili, na barua ya kaki ingebaki bila sahihi, na hakuyasema. Alisema mkono wangu. Akasubiri kidogo, sasa Teresiah anakumbuka, alisubiri, ile nafasi fupi kabla Daktari hajauliza tena, Lela hakugeuka kumtazama lakini alisubiri, alikuwa anampa nafasi, na nafasi ikapita, na leo alipofunua chapati alijua ni za nini, akashukuru.

Na jambo la ajabu, kati ya aibu hii inayomchoma masikio, kuna kitu kingine kinapanda, Teresiah anakijua, ni kile cha ukumbi wa Kaloleni, ni vigelegele, mtazame alivyokaa, mgongo umenyooka, huyo anayengoja kutajwa jina mbele ya watu na hajainama, huyo ndiye karani bora kuliko wote waliowahi kukaa nyuma ya dirisha lile, bora kumshinda Mzee Maingi, bora kumshinda yeye, na ni yeye aliyemfundisha. Nilimfundisha mimi. Herufi K ilikuwa kazi ya mikono, lakini hii, hii ni kazi, mtu mzima aliyeona tarehe haifanani akasimama akauliza, watoto wangapi watapona kwa sababu ya jicho lile, na mimi nimlete mpaka hapa halafu nimlishe chapati? Barua… barua ni karatasi. Anaitaka, asijidanganye, anaitaka mpaka meno yanamuuma, anataka kuitwa msimamizi kwenye kituo alichoingilia mlango wa nyuma, na huenda Daktari akairudisha kwenye droo, huenda wa kaunti wakaja kuipiga picha karatasi ile mara ya pili, kwa sababu nyingine, na mtu mwingine kutoka nje akaletwa kuketi kile kiti, na itauma, itauma miaka. Lakini akiingia kwenye kiti kile kwa mlango wa ajenda ya nne atawafundisha nini hawa wengine, kutazama viatu? Babake hakusema huyo msimamizi ni wangu. Alisema huyo wa dirishani.

Subiri basi ajenda ya nne ifike, kuna utaratibu. Kuna glavu, kuna wageni wa kaunti, halafu usimame kwa adabu… na anajijua, akingoja glavu ziishe atakuwa amekwisha kutafuta wazo lingine zuri, yeye ni hodari wa mawazo mazuri, kwa wageni wa kaunti atakuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa. Saa ya ukutani juu yake inasema saa mbili kasoro dakika tisa. Nje ya geti wagonjwa wameshaanza kujipanga, mtoto analia, mtu anamwambia mwenzake amwekee nafasi. Daktari Barre amegeuza karatasi kana kwamba anaondoka kwenye tangi, kisha akairudisha, hapana, jambo moja zaidi kuhusu tangi, anasema, na watu wakashusha pumzi, na mkono wa Teresiah uko juu. Hajui umepanda saa ngapi. Uko juu kabisa, kiwiko kimenyooka, kama cha mtoto wa darasa la pili, kijitabu kimeteleza kimeanguka sakafuni na hakiokoti. Daktari anamtazama juu ya miwani.

"Madam Teresiah, bado tuko kwa tangi."

Anajua, anasema anajua, na amesimama, na benchi ya mbele mtandio wa kijani unageuka, kwa mara ya kwanza asubuhi hii unageuka, Lela anatikisa kichwa kidogo, hapana, dada, wacha, na Teresiah anamtazama usoni bila kukwepa huku akisema, si kwa sauti ya mkutano bali kwa ile ya dirishani, ile ya kuitia majina, inayofika mpaka kwa mtu wa mwisho kwenye foleni:

"Daktari, zile faili mbili, Lela aliziona kabla hajaziunganisha. Aliniletea Alhamisi akaniuliza, na mimi sikuinua kichwa."

Juu ya paa maji yanadondoka, na Daktari Barre bado ameshika karatasi kwa mikono miwili, bado wako kwenye tangi.